Peugeot ya Mbuvi na Kona ya Tatu

Mbuvi Mutie alikuwa fundi wa magari pale Salama, kwenye barabara ya Mombasa, na hakuna injini iliyowahi kumshinda isipokuwa ya kwake mwenyewe. Malori yalimjia yakikohoa, yakaondoka yakiimba. Lakini Peugeot 404 yake nyeupe, aliyoinunua kwa mwalimu mstaafu, ilikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kwamba haikupenda milima. Na Mbuvi, kwa kujitakia mwenyewe, alikuwa ameoa Kilungu.

Asiyeijua Kilungu na aende akaone. Unaiacha lami, unaanza kupanda, na ukidhani umefika unagundua ndiyo kwanza unaanza. Kwa wakwe zake Mbuvi palikuwa juu kabisa, baada ya kona tano za udongo mwekundu, na kati ya hizo tano, ya tatu ndiyo iliyokuwa na roho mbaya. Pale pale inapojikunja ndipo inapoinuka. Ukiiingia kwa kasi utaishia kwenye migomba ya watu. Ukiiingia polepole, injini isiyo na moyo inafia hapo.

Sasa, ili mtu aielewe aibu ya Mbuvi, lazima kwanza aielewe nthoni. Kwa Wakamba wa rika lao, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na mmoja akimwona mwenzake njiani ataingia hata kwenye miiba ili ampishe. Mbuvi aliishika nthoni kuliko alivyoshika breki. Kila alipombeba mama mkwe wake, ambaye wajukuu walimwita Susu Mbinya, alimkalisha nyuma ya kiti chake mwenyewe, kisha akakigeuza kioo cha ndani kitazame paa. Maneno yote yalipitia kwa mkewe, Nzilani. Susu akisema, "Mwambie mume wako apunguze mwendo," Mbuvi, aliyekwisha sikia kila neno, alisubiri mpaka Nzilani aseme, "Mama anasema upunguze mwendo," ndipo akapunguza. Walisafiri hivyo miaka ishirini na mbili bila kukosana hata siku moja.

Ikaja Desemba ya mwaka wa themanini na nne. Walikuwa wanamrudisha Susu nyumbani kutoka hospitali, gari limejaa watu na mizigo ya Krismasi, na injini ikafia kwenye kona ya tatu. Breki ya mkono ilikuwa pambo tu, kwa hiyo gari likaanza kurudi nyuma. Mbuvi akaruka nje, Nzilani akashika usukani, na wengine wote wakakimbilia nyuma kusukuma. Mbuvi aliinamisha kichwa, akafumba macho, akasukuma kwa nguvu za Mungu. Alipoyafumbua, bega lililobanana na bega lake, limelowa jasho, lilikuwa la mama mkwe wake.

Na kama ilivyo kawaida ya aibu, haikukosa mashahidi. Wanawake waliokuwa wanatoka sokoni na vikapu vyao walisimama kando, na mmoja wao akapiga makofi.

"Asi! Kumbe kuna mkwe ananunua petroli nusu, ile nusu ingine anasukumwa na mama ya bibi!"

Mbuzi wa kuitakasa nthoni iliyovunjwa alichinjwa, wazee wakala, wakafuta midomo. Susu Mbinya hakufuta chochote. Alituma neno kupitia kwa Nzilani, kama kawaida, ingawa Mbuvi alikuwa hatua tano tu kutoka hapo.

"Mwambie mume wako mimi siingii hiyo gari tena. Mpaka ipande hii kilima na nguvu yake yenyewe, ikiwa imejaa watu na mizigo, na hakuna mkono ya mtu imeigusa."

Tangu siku hiyo Mbuvi aliliacha gari chini kwenye lami, akapanda kwa miguu kuwasalimu wakwe zake. Fundi wa magari, viatu mkononi, anapitwa na punda. Iliuma.

Huenda angezoea, maana mtu huzoea mengi. Lakini mwaka wa themanini na sita binti yao wa pili akachumbiwa. Binti huyo aliitwa Mbinya, jina la nyanya yake, kama desturi ilivyotaka. Harusi ikapangwa iwe Jumamosi ya pili ya Agosti katika kanisa la pale Salama, na bibi harusi akatangaza mapema msimamo wake.

"Kama susu hayuko, mimi siingii kanisa. Hili jina ni lake. Nitaolewaje kama mwenye jina ako juu huko na kuku?"

Ujumbe ukapanda mlima. Jibu likateremka siku hiyo hiyo: Susu Mbinya angekuja harusini kwa gari la mkwe wake, au asije kabisa. Mchungaji alijitolea kumbeba kwa pikapu yake. Susu akauliza tangu lini mtu mwenye mkwe fundi akabebwa na mchungaji, na mkwe mwenyewe yuko hai bado.

Basi ikawa hivyo. Gari lisipopanda, Susu hateremki. Susu asipoteremka, binti haolewi. Mbuvi aliyapanga mambo hayo kichwani, akaona kwamba harusi ya mwanawe imening'inia kwenye kona moja ya udongo, akakosa hamu ya chakula.

Dawa aliijua, au alidhani anaijua. Pasaka ya mwaka huo magari ya rally yalikuwa yamepita upande wa kwao, na Mbuvi alikaa kando ya barabara tangu alfajiri akiyasubiri. Yalipita yakipiga mbinja, vumbi likasimama saa nzima, naye akarudi nyumbani kama kijana aliyependa. Injini zile zilikuwa zinalishwa hewa kwa nguvu. Hewa ikizidi, petroli inazidi, na mlima unakuwa tambarare. Tena 404 ilikuwa na injini mpole isiyobana hewa sana, inayoweza kulishwa bila kupasuka. Swali lilikuwa moja tu, ilishwe na nini.

Kwa swali hilo alikwenda kwa rafiki yake Aftin. Aftin Maano alikuwa ametoka upande wa Garissa miaka mingi iliyopita. Malori yake yalipeleka mbuzi Nairobi, na nyuma ya duka lake palikuwa na uwanja uliojaa mizoga ya malori mengine, yake na ya watu. Alimwongoza Mbuvi katikati ya vyuma mpaka kwenye kitu kilichofungwa kwa gunia, akakifunua taratibu kana kwamba ni mtoto amelala.

"Turbo," alisema. "Tazama fundi. Ule moshi unatupa bure kwa eksozi, hii inaudaka. Moshi unazungusha panga huku, panga ingine huku inasukuma hewa kwa injini. Ni nguvu ya bure, wallahi. Kitu ulikuwa unatupa, sasa unakula."

Mbuvi akalisukuma panga lile kwa kidole kimoja. Likazunguka, likazunguka, likakataa kusimama. Moyo wake ukazunguka nalo.

"Na ile?" aliuliza, kwa adabu tu, akionyesha pipa la chuma lililofungwa kando ya injini ya lori kuukuu la Kiingereza. Kuku wawili walikuwa wanaatamia juu yake.

"Ah, hiyo ni supercharger. Hiyo haingoji moshi. Unaifunga mkanda kwa injini, injini ikizunguka na yenyewe inazunguka. Lakini ni mlafi. Inakula nguvu kwanza ndio ikurudishie. Inakula petroli. Na kelele yake, wacha tu. Mimi nikiwa wewe naachia kuku."

Mbuvi aliwaachia kuku.

Alipofika nyumbani na turbo yake na kumweleza Nzilani kila kitu, Nzilani, aliyekuwa anapepeta pojo, aliuliza swali moja.

"Na hiyo moshi, inatosha wakati gari inatambaa?"

"Ikikimbia ndio inatosha. Ikikimbia, hata ndege haitupati."

"Mimi nimekuuliza ikitambaa."

Mbuvi akacheka kicheko cha fundi anayeulizwa na mpepeta pojo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Wiki mbili alikata, akachomelea, akavuta mpira wa oili huku, akaziba huku. Alipolitoa gari kwenye barabara ya Mombasa kulijaribu, lo! Mwanzoni halikufanya kitu, likajikokota vilevile, lakini lilipochangamka sauti ikabadilika, mbinja ile ya Pasaka ikaanza, na kiti kikampiga Mbuvi mgongoni. Aliyapita malori matatu kabla ya Emali akiwa anaimba wimbo wa kanisani. Madereva waliozoea kuipita 404 ile walipiga honi kwa mshangao. Kwa nusu saa Mbuvi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Ukambani, na kama kilima cha wakwe zake kingekuwa kimelazwa chini na kutiwa lami, hadithi ingeishia hapo.

Alilipandisha siku iliyofuata, kwa siri, na Nzilani kando yake. Kona ya kwanza sawa. Ya pili, kwa kulia lia. Ya tatu alipunguza mwendo kama mtu yeyote anayependa maisha yake, akaweka gia ya kwanza, akakanyaga mafuta, akangoja. Turbo nayo ikamngoja yeye. Ilikuwa imetoka kwenye lori la tani saba, na moshi wa injini ndogo inayotambaa haukutosha hata kuiamsha usingizini. Gari likaanza kutetemeka. Mbuvi, kwa hofu, akakanyaga klachi na mafuta pamoja, injini ikapiga kelele, na moshi wote uliokuwa umekosekana ukaja mara moja. Alipoachia klachi, 404 iliruka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, ikaukosa mkunjo wa kona, ikaingia kwenye migomba.

 Jani la mgomba lilikuwa limeingia dirishani na kutulia kwenye mapaja ya Nzilani.

"Sasa nisikilize," alisema Nzilani, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomtisha Mbuvi. "Hii kitu yako ni kama jirani anakuja na ndoo ya maji wakati nyumba imeisha kuungua. Na anakuja akikimbia, anaangusha hata ukuta ilikuwa imebaki. Hii kilima haitaki mtu wa mbio. Inataka mtu ako hapa, saa hii, gari ikiwa imesimama hata. Ile ya kuku inangoja nini?"

"Haingoji," alisema Mbuvi kwa sauti ndogo. "Injini ikizunguka, nayo inazunguka."

"Na inakula?"

"Inakula sana."

"Hata wewe unakula sana, na bado nimekuweka. Tutaipa petroli. Shuka tusukume."

Mbuvi hakufurahi. Tuseme ukweli, alihuzunika kabisa, kama mtu aliyelazimika kumwacha mpenzi na kuoa jirani. Siku ile aliyoifungua turbo aliipangusa mafuta, akaifunga gunia lake, akairudisha kwa Aftin mwenyewe, miguu mizito. Kuku walihamishwa. Supercharger ilisafishwa kwa mafuta taa siku mbili nzima, maana kuku si wapangaji wasafi, kisha ikafungwa pulia kubwa, gurudumu la kupitishia mkanda, ili isizunguke kupita kiasi cha injini ndogo. Boneti haikuweza tena kufungwa. Mbuvi akaitoboa, chuma kikachomoza juu, naye akakifunika kwa karai la kujengea alilolipaka rangi nyeupe. Gari la harusi gani hili, watu waliuliza, lina tezi?

Na kelele yake! Ilikuwa inalia bila kukoma, sauti moja ya juu inayopanda na kushuka na mguu, kwa jinsi ile ile ya kinu cha posho. Siku ya kwanza alipoiwasha nyuma ya gereji, wanawake wawili walitokea na madebe ya mahindi vichwani, wakauliza foleni iko wapi. Kwenye barabara ya Mombasa malori yote yakampita, na madereva wakampigia honi za aina nyingine. Mbuvi alivumilia. Kilichomshangaza kilikuwa kidogo tu, ambacho mtu asiye fundi asingekiona. Alipogusa mafuta gari likiwa limesimama, lilijibu pale pale. Halikuuliza kwanza.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, ujumbe ukiwa umetangulia kupanda mlima, gari likapakiwa. Susu alikuwa amesema watu na mizigo, na Mbuvi hakutaka mtu aje kusema baadaye kwamba alidanganya. Kwenye buti walitia magunia mawili ya mahindi. Nzilani akakaa mbele. Nyuma akakaa Aftin, aliyekuja kama shahidi, na ambaye peke yake alitosha kuwa gunia la tatu. Nafasi ya nyuma ya dereva iliachwa wazi. Kioo kilikuwa tayari kinatazama paa.

Walipanda wakilia. Watoto wa shule waliwakimbilia. Kona ya kwanza ikapita, ya pili ikapita bila gari kunung'unika, na Mbuvi akaikaribia ya tatu. Akaweka gia ya kwanza. Akapunguza. Akainua macho atazame mkunjo.

Susu Mbinya alikuwa amesimama pale pale kwenye mkunjo, peke yake, leso imekazwa kiunoni kama ya mtu anayekwenda kulima. Mikononi alikuwa amekumbatia jiwe kubwa, jiwe lile ambalo watu huliweka nyuma ya gurudumu gari lisirudi. Alikuwa ameteremka kona mbili kwa miguu yake ya miaka sabini na kitu, alfajiri, kabla ya wenye vikapu kupita. Hakuja kutazama mkwe wake akishindwa. Alikuja ili akishindwa asionekane.

Alipoliona gari akageuza uso kwenye ua wa michongoma, kama nthoni inavyotaka. Jiwe hakuliweka chini.

Mbuvi alielewa yote kwa mara moja. Miaka miwili alikuwa akidhani amechukiwa. Gari lilikuwa linapanda vizuri, tena vizuri sana, na angeweza kumpita akafika juu kwa heshima zake zote, kisha angemngoja mama mzima apande kona mbili na jiwe. Hivyo ndivyo fundi yeyote mwenye akili angefanya, kwa sababu kwenye kona ya tatu hakuna anayesimama. Kusimama hapo ni kumtafuta shetani kwa tochi.

Mbuvi akasimama.

"Unafanya nini?" alipiga kelele Aftin. "Enda! Enda! Ilikuwa imekubali!"

"Mama yangu ako kwa barabara," alisema Mbuvi, mguu mmoja kwenye breki, jasho linamtiririka mpaka kwenye mkanda. Hakusema mama mkwe, na Nzilani alimtazama. "Mwambie aingie."

Nzilani akatoa kichwa dirishani, akamwita mamake kwa Kikamba. "Mwaitu, anasema uingie!"

"Mwambie hii mahali si ya kusimama," ukajibu ua wa michongoma.

"Anasema—"

"Nimesikia. Mwambie najua."

Ile sauti ya kinu cha posho ikaendelea kulia. Kisha mlango wa nyuma ukafunguka, na gari likainama kidogo kwa uzito wa bibi kizee. Likainama tena, na Aftin akaguna. Susu alikuwa ameingia na jiwe lake. Alilipakata mapajani, akalizungushia mikono, tayari kushuka nalo wakati wowote.

Mbuvi akaachia breki na klachi kwa pamoja, akakanyaga mafuta.

Kwa nukta moja gari lilirudi nyuma upana wa kiganja, na hiyo ndiyo nukta aliyokuja kuihadithia maisha yake yote. Halafu ile mlafi, ile iliyokuwa nyumba ya kuku, ikashika. Haikungoja moshi wala mwendo. Magurudumu yakasaga mchanga, karai likatetemeka juu ya boneti, na 404 ikainuka kutoka pale ilipokuwa imesimama, imejaa watu, imejaa mahindi, imejaa na jiwe juu, ikaizunguka kona ya tatu polepole kama mama mjamzito anayepanda ngazi, ikatoka upande wa pili. Aftin alitamka jina la Mungu kwa Kiarabu. Nzilani alilitamka kwa Kikamba. Mbuvi hakutamka kitu kwa sababu alikuwa analia, na baadaye akasema ni petroli ilimwingia machoni.

Walipofika juu, majirani walikuwa wamekusanyika uani, na wanne kati yao walikuwa na mahindi. Mbuvi akazima injini, akatoka, akasimama na mgongo wake kwa upande wa mlango wa nyuma, kama ilivyompasa. Alimsikia Susu akishuka. Akasikia hatua zake zikija, zikasimama.

"Nzilani," alisema Susu, "mwambie mume wako..."

"Mwaitu, si huyu hapa," alisema Nzilani, aliyechoka na kazi ya miaka ishirini na minne. "Mwambie mwenyewe."

Susu Mbinya akaugeukia mparachichi uliokuwa kando ya nyumba, akauangalia sana, na kwa mara ya kwanza akalitaja jina la mkwe wake akimwambia yeye mwenyewe.

"Mbuvi. Hii jiwe imekaa chini ya kitanda yangu miaka mbili. Kila ukikuja, nilikuwa nasema pengine leo atapanda na gari. Sasa imemaliza kazi. Iweke kwa mlango yangu, ikuwe ya kuzuia isifungwe na upepo."

Akamsogezea jiwe kando yake bila kutazama. Mbuvi akarudi kinyumenyume mpaka akalifikia jiwe, akalipokea vilevile bila kutazama, na vidole vyao havikugusana. Kisha akalibeba mwenyewe mpaka kwenye kizingiti, akalisukumia chini ya mlango ulio wazi.

"Sasa acha nivae viatu," alisema Susu, akiuambia mparachichi. "Mwenye jina langu anaolewa kesho."